Kuchoma: Neno la Watoto, Hofu ya Watu Wazima

Kila lugha ina neno lake la kumwita mtu anayepeleka habari za wenzake kwa wenye mamlaka, na mara nyingi neno hilo huwa kali kuliko mengine. Siku hizi mitaani mwetu, kuanzia Kuze hadi Kibokoni na Makadara, neno linalotawala midomo ya vijana ni kuchoma. Mtoto akimwambia mwalimu kwamba mwenziwe amenakili hesabu, darasa zima humwambia kuwa amechoma. Dada akimweleza mama kwamba kaka hakwenda madrasa, kaka hulalamika kwamba amechomwa. Na kijana anayemshika mwenzake mkono na kumwambia "usinichome" hakusudii moto wala sindano. Amwomba amfichie siri.

Tumeona wiki hii tulitazame neno hili kwa makini, kwa sababu limekwisha kutoka katika michezo ya watoto. Liko barazani, liko katika vikundi vya simu, liko hata matangani. Yapo majumba ambamo mama anamjua fika anayemuuzia mwanawe unga, lakini hasemi, kwa kuchelea kuitwa jina hilo. Yapo majumba mengine ambamo kijana alichukuliwa usiku asirudi, na jirani asiye na hatia akaangaliwa kwa jicho la shari miaka na miaka kwa sababu mtu mmoja alinong'ona kwamba ndiye aliyechoma. Neno likifikia kuwafunga watu midomo na kuwavunjia wengine heshima, ni wajibu wetu tujue lina nini ndani.

Kiswahili kimekitumia kitenzi choma kwa maana mbili tangu zamani. Mwiba huchoma, na moto huchoma. Mwiba huingia kimya, jeraha lake ni dogo, lakini mtu hachukui hatua bila ya kulihisi. Moto huanza kwa cheche ukala nyumba ya mwenye kosa na ya jirani yake pamoja. Vijana waliolichukua neno hili wamezibeba maana zote mbili. Aliyechomwa amedungwa kwa siri, na kinachofuata hakijulikani kitaishia wapi.

Hata hivyo, neno hili lina upungufu mmoja, nao ndio kiini cha makala haya. Halisemi kama habari iliyopelekwa ni ya kweli au ya uongo. Halisemi kama aliyeipeleka alilipwa, au alikuwa na chuki, au alikuwa akiomba msaada. Mzushi, mpelelezi wa kulipwa, shahidi mwadilifu na mtoto aliyeumizwa wote hutiwa katika kapu moja na kuitwa jina moja.

Maneno ya wazee wetu

Wazee wetu hawakuwa wakichanganya hivyo. Walikuwa na jasusi, neno lililotoka katika Kiarabu na lenye shina moja na tajassus, yaani kuchunguza aibu za watu. Walikuwa na mchongezi, anayemchongea mwenziwe kwa mkubwa ili apate kupendwa yeye. Walikuwa na mdukizi, anayetega sikio mlangoni kusikiliza yasiyomhusu. Na jamaa wa neno hilo, udukuzi, leo latumika kwa wale wanaovunja siri za tarakilishi na simu. Walikuwa na mfitini, anayechukua neno la huyu akampelekea yule mpaka ndugu wawili wasipeane mkono siku ya Idi. Walikuwa na mzandiki, mwenye kuonyesha uso huu mbele yako na uso mwingine nyuma yako.

Na mbali kabisa na hao wote, walikuwa na shahidi. Huyu pia hutoa habari za mtu mwingine mbele ya mamlaka, na habari hizo huweza kumtia mtu gerezani. Lakini jina lake ni la heshima, hata Kiswahili kikampa jina lile lile kama anayekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Ndoa zetu hazifungwi bila ya mashahidi. Wasia, deni na mirathi vyote huegemea ulimi wao.

Kwa hivyo, mtoto wa leo anapotumia neno moja kwa wote hawa, amepoteza mizani ambayo bibi yake alikuwa nayo. Hatumlaumu mtoto. Mizani hurithiwa, na asiyerithishwa hana.

Kanzu na gunia

Baadhi ya majina ya mpelelezi yametokana na vazi. Katika Afrika Mashariki, polisi asiyevaa sare ameitwa kwa miaka mingi askari kanzu. Jina hili lafaa litufikirishe sisi watu wa pwani. Kanzu kwetu ni vazi la msikitini, la maulidi, la harusini na la mazishini. Mama huifua kwa mkono wake na kuipiga pasi Alhamisi usiku ili Ijumaa mume na wana watoke wakiwa safi. Jina askari kanzu lilikusudia kusema tu kwamba askari amevaa kama raia. Lakini raia alijifunza kutokana nalo kwamba hata vazi la kawaida kabisa laweza kumficha anayekusikiliza, na ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako ikapata maana nyingine.

Tanzania Bara na Visiwani wana neno shushushu, ambalo magazeti ya Kenya nayo hulitumia kwa watu wa idara za ujasusi. Sauti yake yenyewe ni ya mtu anayenong'ona.

Jina la kutisha zaidi ni la huku Kenya, na limetoka katika gunia. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha mjini Nairobi msako mkubwa uliopewa jina la Operesheni Anvil. Mitaa ilizingirwa, watu wakapangwa mistari kwa maelfu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Walipitishwa mbele ya mtu aliyevishwa gunia mwili mzima, lililotobolewa mahali pa macho tu. Mtu huyo hakusema neno. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alitolewa mstarini. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini katika msako ule, na wengi wakaletwa katika kambi za Mackinnon Road na Manyani, kando ya reli hii hii inayoteremka Mombasa.

Ubaya wa gakunia haukuwa katika kusema kwake tu. Ulikuwa katika kwamba mtuhumiwa hakumwona uso, hakumjua jina, na hakuweza kumuuliza neno. Mwenye ugomvi wa shamba angeweza kuumaliza kwa mtikiso mmoja wa kichwa. Sharia yetu, ambayo humtaka mwenye kudai ndiye alete ushahidi na kumpa mdaiwa nafasi ya kujibu, haina mahali pa gunia.

Siri iliyomwaga damu Ngomeni

Hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano. Ngome ya Yesu iko hatua chache kutoka hapa Kuze, na ndani yake lilitendeka jambo ambalo kila mwana wa Mji wa Kale apaswa kulijua.

Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa mwaka 1614 kutokana na uhasama wake na Wareno. Mwanawe mdogo, Yusuf, alipelekwa Goa, India, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarejeshwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Mbele za watu alikuwa Mkristo. Lakini alikuwa akizuru kaburi la baba yake kwa siri na kumwombea dua kwa desturi ya Kiislamu. Mtu mmoja alimwona, naye akapeleka habari kwa kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa. Kapteni akaazimia kumpeleka Goa akahukumiwe.

Yusuf alipopata kujua kwamba amesemwa, hakungoja. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na katika siku zilizofuata Wareno na Wakristo wengine wa mjini wakauawa pia, wakiwemo wanawake na watoto. Mwaka uliofuata Wareno waliizingira ngome wakashindwa, lakini Yusuf mwenyewe akauacha mji akaenda kuishi baharini, asirudi tena kutawala.

Tunakitaja kisa hiki si kwa kuisifu damu iliyomwagika, kwani roho za wanawake na watoto hazina uhalali wa kumwagwa katika dini yetu. Tunakitaja kwa ajili ya yule mpeleka habari, ambaye historia inamtaja kwa kupita tu. Alichokisema kilikuwa kweli. Yusuf alikuwa akiomba dua makaburini. Lakini ukweli ule haukumkinga mtu yeyote na dhara lolote. Ulikuwa ni siri ya mwana na baba yake aliyekufa. Hapa twapata funzo la kwanza: ukweli wa habari peke yake hautoshi kuihalalisha kupelekwa.

Nyumba kumi, pwani mbili

Wako miongoni mwetu wazee waliovuka kutoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wanakumbuka miaka ambayo watu walizungumza ndani ya nyumba zao kwa sauti ya chini. Idara ya usalama ya serikali mpya ilipata washauri kutoka Ujerumani Mashariki. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi hiyo, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964.

Mfumo waliotoka nao washauri hao ulikuja kujulikana vyema baada ya nchi yao kuanguka. Wizara yao ya usalama, iliyoitwa Stasi, ilikuwa na wapeleka habari wa siri zaidi ya laki moja na nusu katika nchi yenye watu kiasi cha milioni 16. Mwaka 1992 raia walipewa ruhusa ya kusoma majalada yaliyoandikwa juu yao. Mwanaharakati Vera Wollenberger, ambaye sasa anajulikana kama Vera Lengsfeld, alifungua jalada lake akakuta kwamba aliyekuwa akipeleka habari zake kwa jina la siri ni mume wake, baba wa watoto wake. Akina mama wanaosoma makala haya hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwenyezi Mungu amewafanya mume na mke kuwa vazi la kusitiriana, na dola ile ililigeuza vazi hilo kuwa gunia.

Kenya nayo, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi kwa kuiga Tanzania. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema: majirani wajuane ili mgeni mwenye nia mbaya asipate pa kujificha. Lakini mpango huo ulifika pwani wakati ambapo nyoyo zilikuwa zimejaa majeraha. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake, mkewe akiwa naye. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa huko Majengo na kukamata watu zaidi ya mia moja, wakiwemo watoto. Vijana walichukuliwa na watu wasiovaa sare, na mashirika ya haki kama MUHURI na Haki Africa yakawa yanaandika majina ya waliopotea.

Upande wa pili, waliodhaniwa kuwa wanapeleka habari nao waliuawa. Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya na aliyewapinga waziwazi wenye kuhubiri fujo, alipigwa risasi Likoni alfajiri ya tarehe 10 Juni 2014 akielekea kusali. Huko Kwale, wazee wa Nyumba Kumi waliuawa mbele ya familia zao. Mjane wa huyu na mjane wa yule huenda wote wawili walinunua mchele katika duka moja, na kila mmoja alihisi kwamba mwenzake anajua kitu asichokisema.

Hiyo ndiyo hali iliyolipa neno hili uzito wake wa sasa. Kijana wa miaka kumi anayelitumia madrasani hajui kwamba kwa mjombake lilikuwa neno la kufa na kupona.

Dini yetu yasemaje

Ajabu ni kwamba sura moja ya Qur'ani, Surat al-Hujurat, imeyakusanya mambo yote matatu tunayoyazungumza. Aya ya 6 yatuamrisha kuichunguza habari anayoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya ya 11 yakataza kuitana kwa majina mabaya. Aya ya 12 yakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Basi aliyeleta habari ana hukumu yake, aliyeipokea ana hukumu yake, na aliyembandika mwenzake jina naye ana hukumu yake. Hakuna aliyeachwa nje.

Mtume (S.A.W.) amemkemea vikali mno mwenye kuchukua maneno ya watu kwa nia ya kufitinisha, akaeleza kwamba huyo haingii Peponi, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Alipoletewa habari za Maiz, sahaba aliyekuja kuungama zina, alimwambia Hazzal, aliyemshauri aende kusema, kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Na husimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akiwa khalifa, alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amemwasi Mola katika jambo moja, lakini khalifa amemwasi katika matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akanyamaza akatoka. Aibu ya mtu iliyo ndani ya nyumba yake, isiyomdhuru mwengine, imefungiwa mlango na sharia yenyewe.

Lakini dini hiyo hiyo haikuruhusu kimya kiwe ngao ya dhalimu. Surat al-Baqara, aya ya 283, yakataza kuficha ushahidi na kumhesabu mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Surat an-Nisaa, aya ya 135, yatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amezitaja hali sita ambazo kumsema mtu nyuma yake hakuhesabiwi kuwa ni kusengenya kulikokatazwa. Miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumpa haki yake, kutafuta msaada wa kuzuia uovu, kuuliza fatwa, na kuwatahadharisha Waislamu na shari.

Kutokana na hayo, mtu aliye na habari moyoni ajiulize mambo manne kabla ya kufungua mdomo. Kwanza, je, jambo hili lamdhuru mtu mwengine, au ni udhaifu wa mwenyewe ulio baina yake na Mola wake? Pili, je, nimeona au nimedhani? Tatu, je, ninayemwambia ana uwezo wa kuliondoa dhara, au namwambia apate la kuzungumza? Nne, je, nataka nini kwa kusema: usalama wa mtu, au kuanguka kwa mtu? Aliyejibu maswali haya kwa uaminifu na akaona kwamba asipolinena jambo lile mwengine ataumia, huyo ni shahidi, hata mtaa mzima ukimwita jina jingine.

Mtoto anaposema

Akina mama, hapa ndipo neno hili linapoingia majumbani mwetu. Mtoto aliyezoeshwa kuchekwa kila anapopeleka habari kwa wakubwa atajifunza kunyamaza. Atanyamaza juu ya kalamu iliyoibwa, na siku mtu mzima atakapomshika pasipofaa, atanyamaza vile vile. Wanaowadhuru watoto walijua neno hili kabla yetu. Hilo ndilo wanalomwambia mtoto: ukisema, utakuwa umenichoma.

Basi tuwafundishe watoto tofauti ambayo hata mwenye miaka mitano aweza kuielewa. Anayesema ili mwenziwe apigwe, huyo anachongea. Anayesema ili mtu asiumie, huyo anaokoa. Mtoto akija na habari, tusianze kwa kumkemea kwamba ana domo, tumuulize kwanza, "Kuna mtu ameumia?" Na aliyesema kweli tusimtoe jina mbele ya wenzake. Wazazi wengi huponza watoto wao kwa sentensi moja: "Dada yako ameniambia yote."

Vivyo hivyo kwa unga. Mji wa Kale umezika vijana wengi kwa dawa hizi, na kila teja anayelala kwenye kibaraza ana mama. Kumsitiri mwana aliyetumbukia, kumtafutia matibabu na kutomtangaza, ni sitara tuliyoamrishwa. Kumsitiri anayewauzia wana wa watu sumu si sitara. Kosa la kwanza lamla mwenyewe, la pili lala mtaa. Anayeogopa kwenda peke yake aende na wenziwe, kwa imamu, kwa wazee, au kwa wakili, kwani sauti ya akina mama kumi haina mwenyewe wa kulipiziwa kisasi.

Sheria za nchi nazo zimeweka njia. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006, na ipo idara maalumu ya kazi hiyo. Simu ya bure ya 116 hupokea habari za watoto wanaodhulumiwa, na 1195 hupokea za dhuluma za kijinsia. Kwa aliyekamatwa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yampa haki ya kuelezwa sababu, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani katika saa 24. Familia ikimkosa kijana wake iulize vituo vya polisi mara moja, iandikishe taarifa, na iwajulishe watetezi wa haki. Saa za mwanzo ndizo za kumtafuta kijana. Zisipotee katika kumtafuta jirani wa kulaumiwa.

Anayetuhumiwa

Limebaki neno moja juu ya yule anayeitwa jina hili bila ya ushahidi. Husalimiwa nusu nusu. Watu hunyamaza anapoketi barazani. Mkewe haalikwi kusaidia jikoni kwenye shughuli, na binti yake hukosa mchumba pasi na mtu kutaja sababu. Hana mahakama ya kwenda kujitetea, kwa kuwa hakuna aliyemshtaki kwa mdomo wake. Amefanyiwa yale yale ya gakunia: kichwa kimetikiswa, na uso wa aliyekitikisa haujulikani.

Tunao mfano bora wa kufuata hata pale ambapo kosa ni la kweli. Katika mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, sahaba Hatib bin Abi Balta'a aliandika barua ya siri kuwajulisha Maquraishi. Barua ilikamatwa njiani kwa mwanamke aliyekuwa akiipeleka. Hakukuwa na shaka yoyote, na Sayyidna Umar aliomba ruhusa ya kumuua. Mtume hakuanza kwa hukumu. Alianza kwa swali, akamuuliza ni nini kilichomfanya atende vile. Hatib akajibu kwamba ana jamaa Makka wasio na wa kuwalinda, akataka awe na jamala kwa Maquraishi ili wasiwadhuru. Mtume akakubali kwamba amesema kweli, akakumbuka kwamba alishiriki vita vya Badr, akamsamehe. Aya za mwanzo za Surat al-Mumtahana ziliteremka kwa sababu ya tukio hilo, zikikemea tendo lenyewe huku zikimwita mtendaji miongoni mwa walioamini.

Ikiwa aliyeshikwa na barua aliulizwa na kusikilizwa, vipi sisi twamhukumu jirani kwa sababu tu alionekana akizungumza na askari, au kwa kuwa mwanawe alirudi na mwana wa mwenzake hakurudi? Anayejua jambo la hakika juu ya mtu amkabili kwa upole na mashahidi. Asiyejua azuie ulimi wake, na akisikia jina hilo likitajwa barazani aulize, "Umeona wewe mwenyewe?" Swali hilo fupi limezima mioto mingi.

Tunawaomba akina mama waanze majumbani mwao wiki hii. Mtoto akilitumia neno hili, msimpige. Mwambieni maana yake, kisha mwulizeni ni yupi kati ya wale wa zamani anayemkusudia: mchongezi, mdukizi, mfitini, au shahidi. Atalazimika kufikiri kabla ya kujibu.

Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, azilinde ndimi zetu na dhuluma, azipe nguvu pale haki inapohitaji kunenwa, na awarejeshe waliopotea kwa wazazi wao. Amin.